Mhusika Kwanza, Kamera Baadaye: Kuingia Kwenye Uchekeshaji wa Runinga na Filamu Ukiwa Lamu au Malindi

Watu waliokua na runinga ya KBC wanamjua Mzee Ojwang wa Vitimbi. Waulize jina lake halisi, wengi watanyamaza. Aliitwa Benson Wanjau, akafariki Julai 2015. Amri Athumani wa Tanga naye alifariki Agosti 2018, na Tanzania nzima ikamlilia Mzee Majuto. Wazee hawa wawili walifanya kazi katika nchi mbili, kwa mitindo miwili, lakini msingi ulikuwa mmoja: mtazamaji alimfuata mtu anayemjua, na kichekesho cha siku kilikuja baadaye.

Kijana wa Mkomani au Langoni mjini Lamu, au wa Shella ya Malindi, akitaka kazi hii, mara nyingi huanza kwa kutafuta simu yenye kamera nzuri, halafu vichekesho, halafu wafuasi. Mhusika huja mwisho, au haji kabisa. Ndiyo maana video ya tano inafanana na ya watu wengine mia. Anza na mhusika. Mpe miezi mitatu kabla hujarusha chochote hewani.

Kumjenga mtu wako

Nunua daftari, kaa barazani. Lamu ni shule ya bure katika jambo hili: Mkunguni mbele ya ngome, gati wakati boti za Mokowe zinashusha abiria, barazani baada ya alasiri. Malindi kaa kwenye stendi ya tuktuk, sokoni, au pale samaki wanaposhushwa. Usiandike maneno ya kuchekesha. Andika mtu anavyosimama anapodaiwa, mikono yake inakokwenda anapodanganya, anachofanya mtu mwenye haraka akikutana na salamu ndefu.

Usimchukue mtu mmoja mzima mzima. Mji wa Lamu ni mdogo, na kabla video haijamaliza siku moja, mwenyewe atakuwa amejulikana, na jamaa zake wameumia. Changanya watatu: mwendo wa huyu, sauti ya yule, wasiwasi wa wa tatu. Kisha andika majibu ya mambo manne. Anataka nini kila siku ya maisha yake? Anaogopa nini kijulikane? Anajiona nani, na watu wanamwona nani? Akibanwa, hukimbilia uongo gani?

Swali la tatu ndilo lenye mali nyingi. Mzee anayejiona nahodha ilhali mara ya mwisho alishika usukani kabla ya wajukuu wake kuzaliwa, huyo ana vipindi ishirini ndani yake. Mlevi anayeanguka ana kipindi kimoja, nacho watu wameshakiona.

Mjaribu kabla hujamwamini. Andika mahali kumi: kwenye boti iliyojaa, foleni ya hospitali, harusini upande wa wanaume, dukani akikopa, kwa fundi wa simu, msibani, kwenye mashindano ya punda, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mbele ya afisa, na nyumbani umeme ukikatika. Kwa kila mahali andika mistari mitatu tu: anataka nini hapo, nani anamzuia, anaishia kufanya nini. Mahali saba kati ya kumi pakizaa kitu bila wewe kulazimisha, mhusika yupo. Pakizaa patatu, rudi barazani.

Mavazi yachague mara moja, usiyabadilishe. Nunua seti mbili zinazofanana kabisa, kwa sababu jasho na chumvi ya bahari hufifisha kitambaa, na siku ukirudia picha uliyoipiga wiki iliyopita, kikoi kilichopauka kitaonekana wazi. Epuka shati la mistari myembamba iliyobanana, maana kamera huifanya itetemeke kama maji. Kanzu nyeupe ya kung'aa kwenye jua la pwani hugeuka doa lisilo na mikunjo, na uso wa anayeivaa ukatoka mweusi. Kanzu ya rangi ya maziwa inakubali zaidi.

Neno lake maalumu, lile ambalo watoto watalirudia mtaani, usilitunge mezani. Liache lizaliwe kwenye mazoezi. Likishapatikana, lisizidi mara mbili katika kipindi kimoja.

Lafudhi

Hapa ndipo wachekeshaji wa pwani tunapokuwa matajiri, na hapa ndipo mali hiyo hupotezwa. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina muziki wake: mato badala ya macho, yuu badala ya juu, moya badala ya moja, kuteka badala ya kucheka. Mtazamaji wa Kisumu au Dodoma hatayaelewa yote, na ukimtafsiria kila neno kwa maandishi chini ya picha, kicheko kinachelewa. Njia inayofaa ni kuacha kitendo kifasiri neno.

Chukua neno moja tu, "ndoo". Kwa Mwamu ni "njoo". Kwa Mswahili wa shuleni ni chombo cha kutekea maji. Mwenyeji yuko barazani, anamwita mgeni kutoka Nairobi kwa heshima zote: "Ndoo, mwanangu!" Mgeni anatazama huku na huku, anaingia uani, anarudi na ndoo ya plastiki. Mzee anaitazama ile ndoo, anamtazama mgeni. Anasema taratibu zaidi, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa: "Ndoo hapa." Mgeni anaiweka ndoo pale mzee alipoonyesha. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyedharauliwa. Kila mmoja amefanya kwa adabu kile alichosikia. Kichekesho kama hicho kinatazamwa Lamu na Nairobi, kila upande ukicheka kwa sababu yake.

Kuigiza lafudhi ya watu wengine kunataka kazi zaidi. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza mzee wa Kijaluo, na wapo waliomtazama miaka mingi wakidhani ni Mjaluo kweli. Kama mhusika wako ni Mgiriama wa Ganze au Mbajuni wa Kizingitini, jifunze kwa mwenyewe, mwonyeshe kazi kabla hujairusha, na hakikisha anachekwa kwa tamaa au woga wake. Pwani imejaa video ambazo lafudhi ya Kigiriama ndiyo alama ya ujinga. Ni uvivu wa uandishi, na unaumiza watu ambao ni sehemu kubwa ya watazamaji wako wa Kilifi.

Malindi ina kitu chake pia, Kiitaliano cha ufukweni. Kijana aliyezoea kuwasemesha watalii akamjibu bibi yake kwa Kiitaliano bila kukusudia ni mhusika ambaye kila Mmalindi anamtambua.

Kuandika kipande cha dakika moja na nusu

Tukijenge kimoja hadi mwisho ili viungo vionekane. Mzee anadaiwa vikombe vitatu vya kahawa tungu. Muuza kahawa wa Lamu hutembea na dele lake, birika la kahawa, huku akigonganisha vikombe, na mlio huo husikika kabla yeye hajaonekana kwenye kona. Tayari tuna chombo: sauti. Kila vikombe vikilia, mzee anajificha.

Mara ya kwanza anajificha nyuma ya punda. Mara ya pili anajifunika mkeka pale pale barazani, miguu ikibaki nje. Mara hizi mbili zinamfundisha mtazamaji kanuni ya mchezo. Mara ya tatu lazima kanuni ivunjwe. Vikombe vinalia, mzee anakimbilia nyumbani kwake, anafunga mlango kwa komeo, anaegemea, anahema, anageuka. Sebuleni ameketi muuza kahawa, kanzu imepigwa pasi, pembeni yake wazee wawili wa upande wake. Amekuja kuposa. Vilivyokuwa vikilia ni vikombe vya mkewe mzee, anawaandalia wageni.

Sasa mstari wa mwisho. Linganisha huu: "Tunaweza kukata kwenye mahari lile deni la vikombe vitatu, mzee." Na huu: "Na lile deni la vikombe vitatu, mzee wangu, tulikate kwenye mahari." Maneno ni karibu yale yale. Wa kwanza unapasua kicheko katikati ya sentensi, kisha mwigizaji anaendelea kuongea juu ya watu wanaocheka. Wa pili unaliweka neno "mahari" mwisho kabisa. Kiswahili kinaruhusu kuhamisha vipande vya sentensi kwa uhuru mkubwa, basi tumia uhuru huo: neno linalobeba mzigo likae mwisho, na baada yake asiseme mtu chochote.

Baada ya neno hilo, kamera ibaki usoni mwa mzee kwa sekunde mbili kamili. Hapo ndipo mtazamaji hucheka, na wahariri wengi wachanga hukata mapema kwa kuogopa ukimya.

Kwa hesabu, kipande hiki ni ukurasa mmoja na nusu wa skripti, maana ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Sekunde 10 za kwanza zionyeshe deni na mlio. Maficho mawili yachukue sekunde 30 kwa pamoja, la pili likiwa fupi kuliko la kwanza. Mbio za nyumbani sekunde 15. Sebule ichukue zilizobaki. Ukiona mwanzo umefika sekunde 25, unaeleza mno. Mtu aliyeshika simu hana subira ya mtu aliyeketi ukumbini.

Isomeni kwa sauti watu watano wasiohusika wakisikiliza, na wewe watazame wao, karatasi iweke chini. Pale wanapotazama pembeni, kata. Pale wanapocheka mahali ambapo hukutegemea, weka alama, huenda mhusika anakuambia kitu. Na fikiria pia kama kipande kinaeleweka bila maneno. Charlie Chaplin alimwanzisha mzururaji wake mwaka 1914, na hata baada ya sauti kuingia sinema mwaka 1927 aliendelea kwa miaka kadhaa bila mazungumzo, kwa sababu mwili wake ulieleweka kila nchi. Leo wengi hutazama video simu ikiwa imezimwa sauti, hivyo somo hilo limerudi.

Kushuti

Simu ya kawaida inatosha kuanzia. Fedha za kwanza zipeleke kwenye maikrofoni ndogo ya kubana shatini na tripodi, si kwenye simu mpya. Picha mbaya kidogo husamehewa. Neno la mwisho lisiposikika, kichekesho kimekufa.

Weka simu kwenye fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde na shata, muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya 1/50, kwa kutumia programu inayokuruhusu kuchagua mwenyewe. Sababu ni umeme. Wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za mirija na za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu ikiachwa ijichagulie fremu 30 na shata 1/60, mapigo hayalingani, na mistari ya giza hupanda na kushuka ukutani kwenye picha. Watu wengi hudhani simu imeharibika. Ubora wa 1080 unatosha. 4K, ubora mkubwa zaidi, juani Lamu hupandisha joto la simu hadi ijizime katikati ya picha. Dakika moja ya 1080 hula takribani megabaiti 60 hadi 130, kwa hiyo siku nzima ya kazi inataka nafasi ya gigabaiti 20 hivi iliyo wazi. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila picha, maana unyevu wa chumvi huacha ukungu usiouona mpaka ufike nyumbani.

Mwanga. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua linakaa karibu na utosi, macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo meusi, na macho ndiyo yanayochekesha. Kwenye uwanja wa Mkunguni au ufukweni shuti saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi. Vichochoro vina tabia tofauti. Asubuhi vyote vimo kivulini na kuta nyeupe hugawa mwanga laini pande zote, mahali pazuri sana kwa uso. Adhuhuri mstari wa jua huingia katikati: nusu ya uso inaungua, nusu inapotea. Hakuna mpangilio wa kamera utakaoiponya picha hiyo. Subiri.

Sauti ni mtihani mkubwa zaidi. Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, hupiga maikrofoni kama makofi; ivishe manyoya bandia au ifiche chini ya kitambaa kimoja chepesi. Injini za boti ufukweni hufunika sauti nzito za wanaume. Punda hulia pasipo taarifa. Panga picha za mazungumzo katikati ya vipindi vya sala, na adhana ikianza simamisha kazi. Ni heshima kwanza, na isitoshe mkato utakaoruka katikati ya adhana utasikika na kuudhi. Mwisho wa kila eneo rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Hiyo ndiyo utakayoiweka chini ya mikato ili isijulikane.

Kwenye kile kipande cha kahawa, mlio wa vikombe usiutegemee siku ya picha. Urekodi peke yake, chumbani, maikrofoni ikiwa shubiri moja kutoka vikombe, mara tatu: mbali, karibu, karibu sana. Ukihariri utauongeza hatua kwa hatua, na mtazamaji atageuza kichwa pamoja na mzee.

Kila kitendo kipige mara tatu: kwa upana ili mwili mzima uonekane, kwa kati, kisha uso. Anguko, kujificha, na mbio huchekesha kwa upana, kwa sababu tunahitaji kuona miguu chini ya mkeka. Aibu huchekesha kwa karibu. Ukivichanganya, anguko litaonekana kama ajali na aibu haitaonekana.

Punda asipigwe, asibebeshwe mtu mzito kwa ajili ya mzaha, asivutwe mkia. Lamu imekuwa na kliniki ya punda tangu 1987, na watu wa hapa wanamjua punda kama mfanyakazi mwenzao. Video ya kumwonea haitasamehewa.

Ruhusa, na nyuso za watu

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ngome, makumbusho, na magofu ya Gede karibu na Malindi yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kushuti humo kunataka kibali chao. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inagusa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, basi ulizia leseni mapema kabla hujakusanya watu. Kwa drone, kibali ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na Lamu kwa hali ya usalama ilivyo, usiirushe hata dakika moja bila polisi kuwa na taarifa.

Karatasi peke yake haitoshi. Mwambie mzee wa mtaa, mwambie mwenye nyumba ambayo baraza lake litaonekana, mwambie jirani aliye mkabala. Kina mama wasionekane kwa nyuma pasipo kuulizwa. Weka mtu mmoja kwenye kila kona ya kichochoro, kazi yake kuwaambia wapitao na kuwangoja. Usielekeze kamera mlango wa msikiti. Wakati wa Maulidi na mwezi wa Ramadhani mchana, fanya kazi ya kuandika.

Mtu yeyote anayeonekana na kutambulika asaini karatasi fupi ya kukubali, yenye jina, tarehe, na mahali picha itakapotumika. Mtoto asainiwe na mzazi. Siku kituo cha runinga kitakapoitaka kazi yako, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza watakayoiuliza.

Redio ya dukani izimwe. Taarab inayosikika kwa mbali nyuma ya mazungumzo ina wenyewe, na YouTube huitambua: mapato ya video yote yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo, au video ikazuiwa.

Kutoka simuni hadi runingani

YouTube hugawana nawe fedha za matangazo ukifikisha wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa mkazi wa Kenya, sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, inayokatwa kabla fedha haijakufikia, ya asilimia 5 kwenye mapato ya aina hii. Lakini uchukulie mtandao kama ghala la kuonyesha ulichonacho. Video 12 za mhusika mmoja, zikitoka kila Alhamisi saa ileile, zinamweleza mtayarishaji mambo mawili anayotaka kuyajua: kwamba mtu huyu ana kina, na kwamba wewe ni wa kutegemewa.

Zamu za kusherehesha harusi na jukwaa la Tamasha la Utamaduni la Lamu zina faida ambayo kamera haina. Unasikia kicheko kinaanzia wapi. Chukua kila nafasi, hata ya dakika tano.

Runinga hununua mfululizo. Nafasi ya nusu saa ni dakika 22 hadi 24 ukitoa matangazo, na msimu wa kawaida ni vipindi 13. Andaa jalada: ukurasa mmoja wa wazo, kurasa mbili za wahusika, mistari mitano kwa kila kipindi kati ya 13, skripti kamili ya kipindi kimoja, na kipande kilichoshutiwa cha dakika tano. Wengi hukwama kwenye kipindi cha saba kwa sababu mhusika wao alikuwa mzaha mmoja tu. Aliyepita ule mtihani wa mahali kumi hakwami hapo. Ujue pia kwamba kanuni za utangazaji za Kenya hulinda saa za familia, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kwa hiyo kichekesho cha matusi kinajifungia mlango chenyewe. Mafumbo na vijembe vya pwani vinapita pale ambapo tusi halipiti.

Ukiitwa kwenye usaili Nairobi, hesabu safari yote kabla ya kukubali: boti hadi Mokowe, basi refu, malazi, na siku za kurudi. Waombe kwa heshima utume usaili wa video kwanza. Wengi hukubali.

Mkataba

Mwaka 2018, mwaka ule ule aliofariki Mzee Majuto, serikali ya Tanzania iliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, yake ikiwa miongoni. Mzee mwenye uso unaojulikana na kila mtoto hakupaswa kufika mahali pa kusaidiwa na kamati. Inauma, na inatosha kumfanya kijana asome karatasi kabla ya kusaini.

Soma kwanza jina la mhusika ni la nani. Neno likiwa "haki zote", maana yake ni kwamba ukiondoka kwenye kipindi, mtu mwingine anaweza kuvaa kikoi chako. Andika kwamba mhusika na jina lake ni mali yako, na kituo kimepewa ruhusa ya kumtumia katika kipindi hiki, kwa miaka hii, katika nchi hizi. Marudio yalipiwe. Tangazo la biashara liwe na mwisho. Miezi 12 ni muda wa kueleweka, baada ya hapo walipe upya au waondoe, mabango yakiwemo. Kama wanakuzuia kufanya tangazo la kampuni shindani, kizuizi hicho kina bei yake. Nusu ya fedha ipokewe siku ya kusaini, nusu kabla kazi haijarushwa, kwa tarehe iliyoandikwa. Nauli na malazi viwe juu ya ujira, visichotwe ndani yake. Neno la simu na la WhatsApp lirudiwe kwenye karatasi siku ileile.

Wazo peke yake halilindwi na sheria ya hakimiliki. Kinacholindwa ni maandishi na picha, basi weka skripti zenye tarehe na uzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Jina la mhusika liandikishe KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, kama alama ya biashara. Hudumu miaka 10 na huhuishwa. Jiunge na chama chenye leseni ya kukusanya haki za waigizaji.

Kuupima ujira, usihesabu siku ya kamera pekee. Tangazo la siku moja Nairobi kwa mtu wa Lamu ni siku mbili za kwenda na kujiandaa, moja ya kazi, moja au mbili za kurudi. Umeuza siku nne au tano. Bei ianzie hapo.

Kutunza mwili na kazi

Sauti ya mhusika ikikukwaruza koo baada ya nusu saa, umeiweka mahali pabaya. Ishushe au ilete mbele mdomoni, kwa sababu utaiishi miaka mingi. Maanguko yajifunze mchangani Shela ya Lamu kabla ya sakafu. Mzee Ojwang miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho, na mashabiki wakamchangia matibabu. Upendo huo ni mkubwa, lakini usiufanye kuwa bima yako. Jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiyeajiriwa hulipa asilimia 2.75 ya kipato, kwa uchache shilingi 300 kwa mwezi. Changia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa hiari. Lipa vyote siku ileile unapopokea fedha ya kazi, kabla haijajua njia ya dukani.

Na hifadhi picha zako mbichi. Hewa ya pwani hula simu na diski bila kelele: kutu kwenye matundu, ukungu kwenye lenzi. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, kila moja ndani ya kopo linalofunga sawasawa lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Andika juu yake tarehe, mahali, na jina la mhusika. Kila baada ya miezi sita zifungue zote mbili, tazama dakika chache za mwanzo na za mwisho, na ikichelewa kufunguka, nakili siku hiyohiyo.